Korosho hupasuliwa, gesti hutazamwa rangi: Nani apime malazi Nachingwea na Ruangwa?

Na Mwandishi Wetu

MSIMU wa minada ya korosho unapofunguliwa mwezi Oktoba, miji ya Nachingwea na Ruangwa hubadilika sura. Malori hupanga foleni nje ya maghala. Wapagazi huja kutoka wilaya za jirani, nao madereva, makarani, mawakala wa wanunuzi na watu wa benki hufuata. Kufikia saa moja usiku, msafiri anayeshuka stendi na begi lake huanza kusikia neno moja katika kila mlango anaobisha: vimejaa.

Akibahatika kupata chumba, mapokezi atafunguliwa kitabu kikubwa chenye mistari. Ataandika jina lake, kabila lake, kazi yake, alikotoka, anakokwenda na namba ya kitambulisho, kisha atatia sahihi. Atalipa kwanza ndipo apewe ufunguo. Usiku atagundua kuwa bomba la chooni halitoi maji, chandarua kina tundu la kupitisha ngumi na komeo la mlango limeng'oka. Asubuhi atarudisha ufunguo na kuondoka, na hakuna atakayemuuliza lolote.

Hapo ndipo penye kiini cha makala haya. Kitabu cha wageni kinamuuliza mgeni kila kitu, isipokuwa jambo moja ambalo mwenye biashara alipaswa kulijua kuliko yote: ulilalaje?

Swali hilo si la starehe, ni la uchumi. Sehemu ya fedha za korosho inayobaki wilayani huishia kwenye matofali, na gesti ni miongoni mwa majengo yanayowavutia wengi wenye fedha za msimu. Haiozi kama ufuta ulionyeshewa mvua, haihitaji mtaalamu wa kigeni, na kila mwenye kiwanja karibu na stendi huona anaiweza. Lakini gesti hizo zikijengwa bila kipimo cha huduma, jasho la mkulima litafungiwa ndani ya kuta zinazojaa miezi mitatu na kulala tupu miezi tisa.

Korosho tunajua kuipima

Jambo la kushangaza ni kwamba ukanda huu wa Nachingwea na Ruangwa hauna upungufu wa watu wanaojua kupima ubora. Mkulima wa hapa amelelewa ndani ya vipimo. Akipeleka korosho yake chama cha msingi, anajua itatazamwa kama imekauka, kama imechanganyika na takataka na kama ni ya daraja la kwanza au la pili. Ghalani huchukuliwa sampuli kutoka magunia mbalimbali, unyevu hupimwa na korosho hupasuliwa ili ijulikane ndani kuna nini. Hesabu inayotafutwa ni kiasi cha korosho karanga iliyo njema kitakachopatikana katika gunia la kilo 80 la korosho ghafi. Ganda likiwa zuri na ndani kumeoza, bei huporomoka.

Mkulima huyo huyo anajua pia hatari ya kipimo kilicho mikononi mwa upande mmoja. Ndiyo maana ununuzi wa kangomba, unaofanyika nje ya mfumo rasmi na kwa vipimo vya mnunuzi mwenyewe, umepigwa vita miaka mingi. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kutumika kwenye korosho mwaka 2007, pamoja na lawama zake zote, uliletwa ili mzani uwe mahali ambapo watu zaidi ya mmoja wanauona. Chama kikuu cha ushirika cha RUNALI, kinachounganisha wakulima wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale, kinauza mazao kwa msingi huo.

Sasa linganisha na gesti. Anayetafuta chumba hutazama rangi ya ukuta, vigae vya baraza na herufi za bango. Anayejenga naye hutumia fedha pale panapoonekana: geti, rangi, runinga ya mapokezi. Korosho hupasuliwa, gesti hutazamwa ganda.

Wazee wa Nachingwea wana kumbukumbu chungu ya mambo yaliyopimwa juu juu. Mwaka 1946 ujumbe wa Waingereza ulioongozwa na John Wakefield ulitumia kiasi cha wiki tisa kukagua maeneo ya kulima karanga Afrika Mashariki, sehemu ya safari ikifanyika kwa ndege. Mradi ulianza mwaka 1947, na reli ikajengwa kutoka Mtwara hadi Nachingwea. Mwaka 1951 mradi ukavunjwa, na ilipofika 1962 hata reli ilikuwa imefungwa. Waliotazama kutoka juu waliona ardhi kubwa na tambarare. Udongo na mvua, vitu ambavyo hujulikana kwa kukaa mahali, viliwashinda.

Mgeni asiye na pa kwenda

Kuna watakaosema soko litapima lenyewe: gesti mbaya itakosa wateja na kufungwa. Kauli hiyo ni kweli pale tu mteja anapokuwa na pa kwenda. Novemba, mgeni wa Nachingwea hana pa kwenda. Analala alipopata, na mwenye gesti analijua hilo.

Hali ya muuzaji kuwa na mteja aliyenasa si ya hapa peke yake. Mfano wake mkubwa duniani unatoka katika biashara ambayo kwa juu juu haifanani kabisa na gesti zetu, nayo ni biashara ya kuuza wiki za mapumziko, ambayo wenyewe huiita taimushea. Ilianza Ulaya miaka ya 1960 na kushamiri Marekani miaka ya 1970. Mteja hanunui nyumba wala hapangi chumba. Ananunua zamu ya wiki moja kila mwaka katika hoteli au nyumba ya mapumziko, pengine ufukweni, pengine mlimani. Chumba kimoja kinaweza kuwa na wenye zamu hata 50, kila mmoja na wiki yake, na kila mmoja hulipa ada ya matunzo mwaka hadi mwaka, awe amekwenda au hakwenda.

Ugonjwa wa biashara hiyo ni rahisi kuuona. Muuzaji amekwisha kupokea fedha. Siku ya kuuza, mteja alioneshwa chumba kipya, akanyweshwa vinywaji na kubembelezwa atie sahihi kabla ya jua kutua. Baada ya hapo, shuka zikichakaa na bwawa likiota ukungu, mteja atakwenda wapi na wiki aliyokwisha kuilipia?

Malalamiko yalikuwa mengi kiasi kwamba nchi zililazimika kutunga sheria. Afrika Kusini ilitunga sheria yake ya kudhibiti biashara hiyo mwaka 1983. Umoja wa Ulaya ulitoa maagizo mwaka 1994 na kuyafanyia marekebisho makubwa mwaka 2008, ambapo mnunuzi alipewa siku 14 za kubadili mawazo bila kutoa sababu, na muuzaji akakatazwa kupokea hata senti ndani ya siku hizo.

Lakini sheria hizo zilihusu mauziano. Ubora wa chumba ulihitaji dawa nyingine, na dawa hiyo ilitoka ndani ya biashara yenyewe. Mwaka 1974 ilianzishwa huko Indianapolis, Marekani, kampuni ya RCI, ambayo kazi yake ni kuwawezesha wenye zamu kubadilishana: wewe mwenye wiki ya ufukweni unampa mwenzako, naye anakupa yake ya mlimani. Hapo likazuka tatizo la imani. Nani atakubali kutoa wiki yake nzuri apokee chumba asichokijua, cha mtu asiyemfahamu, katika nchi asiyowahi kufika?

Jibu likawa kumuuliza aliyelala. Mgeni akirudi kutoka mapumzikoni anaulizwa maswali yaleyale kama wenzake wote: alipokewaje, chumba kilikuwa safi kiasi gani, vitu vilikuwa vizima au vibovu, wahudumu walimsaidiaje. Majibu ya wageni wengi hujumlishwa, na hoteli zinazofanya vizuri hupewa taji la dhahabu au la fedha. Zinazoporomoka hulipoteza.

Haina maana kwamba biashara hiyo imekuwa ya malaika. Lawama bado zipo, na anayeshawishiwa kununua wiki za namna hiyo popote pale anashauriwa asome mkataba mara tatu kabla ya kutoa fedha. Tunachokichukua hapa ni kipimo chao tu. Kina mambo matatu ya kujifunza: anayepima ni aliyelala, wanaopima ni wengi, na anayehesabu si mwenye nyumba.

Hesabu ya vyumba viwili

Mwenye gesti anaweza kuuliza: yote hayo yananihusu nini, ikiwa Novemba najaza bila kuulizwa? Tujibu kwa hesabu. Chukua mfano wa gesti yenye vyumba 12, kila kimoja kikitozwa Sh15,000 kwa usiku.

Kuanzia Oktoba hadi Desemba kuna siku 92. Vyumba vyote vikijaa kila usiku, gesti itauza malazi 1,104 na kuingiza Sh16,560,000. Zinabaki siku 273 za mwaka. Tuseme katika siku hizo gesti inajaza vyumba vinne tu kati ya 12. Malazi yatakuwa 1,092, na mapato Sh16,380,000. Kwa maneno mengine, miezi tisa ya upungufu inaleta karibu sawasawa na miezi mitatu ya shamrashamra.

Mwenye gesti anayetaka kuongeza mapato ana njia mbili. Ya kwanza, ambayo wengi huikimbilia, ni kupandisha bei msimu ukifika. Akiongeza Sh5,000 kwa kila chumba, atapata Sh5,520,000 za ziada, pamoja na manung'uniko ya wageni wake. Ya pili ni kuhakikisha kwamba katika siku zile 273 vyumba vinavyojaa ni sita badala ya vinne. Hapo atauza malazi 546 zaidi na kupata Sh8,190,000 za ziada, bila kugusa bei.

Vyumba viwili zaidi kila usiku. Hiyo ndiyo tofauti. Na nani atalala katika vyumba hivyo viwili mwezi wa Machi? Si wakala wa korosho. Ni mwalimu aliyepangiwa kituo kipya, mzazi anayempeleka mtoto Chuo cha Ualimu Nachingwea, ndugu wa mgonjwa aliyelazwa hospitali ya wilaya, fundi wa minara ya simu, mkaguzi wa hesabu na dereva wa lori la saruji. Hawa wana uhuru wa kuchagua, na huambizana. Dereva mmoja aliyelala vizuri huleta madereva kumi, na mmoja aliyeng'atwa na kunguni huwafukuza kumi.

Hesabu hii ina uzito zaidi kwa sababu msimu wenyewe si wa kutegemea kama ilivyodhaniwa. Novemba 2018 Serikali iliamua kununua korosho kwa Sh3,300 kwa kilo baada ya kuona bei za wanunuzi binafsi ni ndogo, na Jeshi likakabidhiwa kazi ya kuzisomba. Mwaka ule, wageni waliotarajiwa siyo waliokuja. Tangu msimu wa 2024/2025, minada ya korosho imekuwa ikiendeshwa kwa mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Mnunuzi anaweza kuweka bei yake akiwa ofisini Dar es Salaam. Korosho zimeongezeka, kwani msimu huo nchi ilivuna zaidi ya tani 500,000, lakini ongezeko la magunia si lazima liwe ongezeko la vitanda vinavyolaliwa.

Kuna jambo la barabara pia. Lami iliyojengwa kati ya Nanganga na Ruangwa imefupisha safari, na kutoka Nachingwea hadi Masasi ni kiasi cha kilomita 45 tu. Wengi hushangilia lami kwa sababu humleta mgeni. Ni kweli, lakini lami hiyohiyo humwondoa. Zamani ofisa aliyemaliza kazi saa 10 jioni alilazimika kulala hapohapo, vumbi na mashimo vikimtisha. Mwenye gari zuri na barabara nzuri atauliza kwanza: nilale hapa, au niende Masasi, au Lindi? Siku swali hilo linapoulizwa, gesti isiyo na maji imekwisha kushindwa.

Ruangwa inalijua hilo kwa namna nyingine. Tangu klabu ya Namungo ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2019, mji huo umekuwa ukipokea timu na mashabiki kutoka kila pembe ya nchi, na Simba au Yanga zikicheza Uwanja wa Majaliwa, mji hufurika. Watafiti wa madini ya kinywe nao wamekuwa wakiingia na kutoka kwa miaka mingi. Mgeni wa mpira huja kwa usiku mmoja. Kama usiku huo atalala vibaya, mechi ijayo atakuja na basi la asubuhi na kurudi nalo usiku. Fedha yake ya chumba, chakula na kifungua kinywa itabaki mfukoni mwake.

Nyota si za gesti

Swali linalofuata ni hili: kwani Serikali haina utaratibu wa kupima hoteli? Unao. Sheria ya Utalii ya mwaka 2008 inatoa nafasi ya kupanga huduma za malazi katika madaraja, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ina vigezo vyake vya pamoja vya kutoa nyota, kuanzia moja hadi tano. Wakaguzi hutazama mahali ilipo hoteli, jengo, vyumba, jiko, usalama na huduma.

Huo ni utaratibu mzuri kwa hoteli ya Arusha au ya ufukweni Zanzibar, ambako mtalii anachagua chumba akiwa kwao Ujerumani. Lakini gesti ya vyumba 12 ya Nachingwea haiishi katika dunia ya nyota. Kuitaka iwe na lifti na mapokezi ya saa 24 ni kupoteza muda wa kila mtu. Isitoshe, nyota zina udhaifu ambao hata hoteli kubwa zinaujua: mkaguzi huja kwa siku, na siku hiyo kila kitu hung'aa. Feni ipo, ndiyo. Je, mwezi wa Desemba inazunguka? Bomba lipo, je, saa 11 alfajiri linatoa maji? Vitu huhesabiwa kwa siku moja, ilhali huduma hujulikana kwa siku nyingi.

Ofisa afya wa halmashauri naye hupita, na hatua zake ni za lazima. Lakini kazi yake ni kuzuia hatari. Akiridhika kuwa vyoo havitaleta kipindupindu, amemaliza. Hakutumwa kuuliza kama mgeni angependa kurudi.

Ndiyo maana tunasema kipimo cha gesti lazima kitoke kwa aliyelala. Na habari njema ni kwamba nusu ya kazi imekwisha kufanyika, kwa sababu kitabu kipo tayari katika kila mapokezi. Kinachokosekana ni karatasi moja ya upande wa pili.

Tupime nini?

Karatasi hiyo isiwe ndefu. Mgeni anayewahi basi la saa 12 asubuhi hana muda wa kujaza kurasa. Maswali kumi ya kujibu ndiyo au hapana yanatosha:

Je, maji yalikuwepo jioni na alfajiri? Je, shuka na foronya zilikuwa safi? Je, chandarua kilikuwa kizima? Je, mlango na dirisha vilifungika kwa ndani? Je, choo kilikuwa safi? Je, umeme ulipokatika ulipewa mwanga? Je, ulilala bila kusumbuliwa na kelele za baa? Je, ulitozwa bei uliyoambiwa na kupewa risiti? Je, ulipoeleza tatizo lilishughulikiwa? Na la mwisho, je, ungelala hapa tena?

Msomaji ataona kuwa hakuna swali linalohusu vigae, runinga au kiyoyozi. Hilo ni la makusudi. Gesti ya Sh7,000 yenye choo cha nje inaweza kupata alama zote kumi, na ile ya Sh40,000 yenye vyumba vya selfu ikapata nne. Kila moja inapimwa kwa yale ambayo mgeni yeyote anastahili, awe mpagazi au mkurugenzi.

Swali la mlango lina uzito wa pekee. Mwanaume akisafiri huanza kwa kuuliza bei. Mwanamke anayesafiri peke yake, awe muuguzi anayekwenda kuripoti au mfanyabiashara wa vitenge, huanza kwa kutazama kitasa na komeo. Komeo lililong'oka kwake si usumbufu, ni usiku mzima wa kukaa macho. Bei ya komeo haifikii bei ya chumba kwa usiku mmoja. Kinachokosekana si fedha. Hakuna aliyewahi kumwambia mwenye gesti kwamba wateja wake wa kike wanaondoka kwa sababu ya komeo, kwa kuwa hajawahi kuuliza.

Swali la maji nalo litafundisha mengi. Mamlaka ya maji ya Masasi na Nachingwea, MANAWASA, hutegemea chanzo cha Mbwinji, na mwenye gesti hawezi kulaumiwa kwa kila siku ambayo bomba la mtaani limekauka. Anachoweza kulaumiwa nacho ni kukosa tangi la akiba, au kuwa nalo na kulisahau tupu. Mgeni hajali kosa ni la nani. Anajali kama ndoo imejaa.

Zaidi ya hapo, maswali haya yatamlinda mhudumu. Katika gesti nyingi binti mmoja hupokea wageni usiku, hufua shuka asubuhi na hupiga deki mchana, kisha chumba kikiwa kichafu hutukanwa yeye. Karatasi zikionyesha kwamba kila Jumatatu shuka si safi, tajiri mwenye akili atauliza ni vyumba vingapi vilifuliwa Jumapili, na kwa mikono mingapi.

Nani ahesabu?

Kipimo kikibaki kwa mwenye gesti, tutakuwa tumerudi kwenye kangomba. Atajaza karatasi mwenyewe, au atamwangalia mgeni usoni wakati anajaza. Hivyo karatasi isiwe na jina, na itumbukizwe katika sanduku lenye kufuli ambalo ufunguo wake hauko mapokezi.

Mara moja kwa mwezi sanduku lifunguliwe mbele ya watu watatu: mwakilishi wa wenye gesti wa mji huo, ofisa kutoka halmashauri, na mwakilishi wa watumiaji, kwa mfano madereva wa mabasi au walimu. Matokeo yabandikwe stendi na ofisi za kata. Kwa msafiri asiyesoma, kadi mbili za rangi, kijani na nyekundu, zitatosha kujibu swali la kumi.

Idadi ni muhimu. Ghalani hawapasui korosho moja na kulihukumu gunia. Karatasi moja inayolalamikia kelele inaweza kuwa ya mgeni aliyeamka na hasira zake. Lakini karatasi 31 kati ya 40 zikisema hakukuwa na maji, hapo hakuna ubishi. Gesti yenye karatasi chache mno isitangaziwe alama mpaka zitimie.

Halmashauri ina sababu ya kushiriki. Hukusanya ushuru wa nyumba za kulala wageni, na ushuru huo hukua vitanda vinapolaliwa mwaka mzima. Lakini hapa tunatoa tahadhari. Siku karatasi za wageni zitakapotumika kukadiria ushuru au kutoza faini, mpango utakufa siku hiyohiyo, kwa sababu masanduku yataanza kupotea. Karatasi iwe ya kupima huduma tu. Adhabu ya gesti mbaya iwe ni nafasi yake kwenye orodha iliyobandikwa stendi.

Wapo watakaosema wageni watasema uongo, au washindani watatuma watu kuchafuana. Hilo linawezekana, na ndiyo sababu karatasi itolewe kwa aliyeandikwa kitabuni tu, moja kwa usiku mmoja, na hesabu ya karatasi ilinganishwe na hesabu ya majina. Wapo pia watakaosema gharama ni kubwa. Sanduku la mbao, kufuli na rimu moja ya karatasi havifikii bei ya godoro.

Kizingiti halisi ni woga. Mwenye gesti aliyezoea msimu wa kujaa anaogopa kusikia jibu. Huyo tunamwomba arudi kwenye hesabu ya vyumba viwili. Kila Novemba hupokea mamia ya wageni ambao wanajua kasoro zote za biashara yake, na anawaacha waondoke nazo bure.

Waanze wachache

Hakuna haja ya kusubiri agizo kutoka juu. Gesti tano za Nachingwea na tano za Ruangwa zikikubaliana kuanza na msimu wa Oktoba, hadi Januari zitakuwa na karatasi za kutosha kujua zirekebishe nini kabla ya miezi ya ukame wa wageni. Zile zitakazofanya vizuri zitakuwa na kitu cha kuandika kwenye bango lao zaidi ya neno "tulivu" ambalo kila gesti hujipa yenyewe. Na mkulima anayefikiria kuweka fedha zake za korosho kwenye gesti mpya atakuwa na orodha ya kusoma stendi, ajue wageni wa mji wake wanakosa nini: vyumba zaidi, au maji katika vyumba vilivyopo.

RUNALI na vyama vya msingi vinaweza kusukuma jambo hili kwa njia nyepesi. Vyama hivi hulaza makarani, walinzi na wageni wake katika gesti hizi kila msimu. Vikitangaza kuwa vitalaza watu wao pale tu penye sanduku la maoni, wenye gesti watayatundika wenyewe kabla ya mnada wa kwanza.

Mkulima wa Nachingwea na Ruangwa alikataa korosho yake ipimwe kwa bakuli la mnunuzi. Akiwa sasa ndiye mwenye gesti, akubali naye kipimo kisichokuwa mkononi mwake. Msimu ujao mgeni atakapopewa kile kitabu kikubwa aandike kabila lake na anakokwenda, apewe asubuhi na karatasi ya kusema alilalaje.